Bunda la Mzazi

Katika chumba cha kufulia cha hospitali, nguo chafu huingia kwa mafurushi na shuka safi hutoka kwa mabunda: shuka ishirini zilizonyooshwa, zikapangwa pembe kwa pembe, zikafungwa utepe. Mama Pasi alikuwa amefunga mabunda hayo kwa miaka kumi na tisa. Ndiyo maana siku binti yake alipompigia simu, hakusikia vingine.

"Mama, nimeishiwa. Nirushie bando."

"Bunda?"

"Eeh, hata dogo tu. Mtoto..." Simu ikakatika. Alipojaribu kumpigia, haikupatikana.

Binti huyo alikuwa na siku tisa tangu ajifungue mtoto wake wa kwanza. Mumewe ni dereva wa lori, na safari ilimchukua siku ya tatu tu baada ya kuitwa baba. Mama Pasi aliweka pasi chini, akamgeukia mtunza stoo, mzee mmoja mbishi waliyempachika jina la Kamusi.

"Mzazi anataka bunda. Bunda la nini?"

Kamusi akavua miwani. Maswali ya namna hiyo yalikuwa sikukuu kwake. "Tuanze na visivyo bunda. Kuni ni tita. Mboga ni kicha. Maua ni shada. Mitumba iliyobanwa kwa mashine ni robota. Ukikusanya vitu ovyo ukavifunga ndani ya kitambaa, hilo ni furushi. Bunda ni kitu kilichopangwa, kikalingana."

"Kamusi, mwanangu ana kichanga, wewe unaniletea kuni!"

"Ndiyo nafika. Kichanga kinatumia nini kilichokunjwa sawasawa, tena kwa wingi?"

Wakatazamana. "Nepi!" wakasema kwa pamoja.

Mama Pasi akaenda kwa msimamizi, akaomba zile shuka zilizochakaa ambazo hukatwa matambara, na likizo aliyokuwa hajaigusa tangu mwaka juzi. Akapewa vyote viwili. Akazichemsha, akazikata, akapinda kingo kwa mkono, na Kamusi akamsaidia kutunga uzi huku akilalamika kwamba tundu la sindano limekuwa dogo siku hizi. Kesho yake jioni nepi arobaini zilikuwa tayari, laini kama pamba, zimefungwa utepe wa kazini.

Asubuhi iliyofuata alibisha hodi. Binti akafungua, nywele timutimu, mtoto begani.

"Mama! Umetokea wapi?"

"Si uliomba bunda? Hili hapa."

Binti akaliangalia bunda, akamwangalia mama, kisha akacheka hadi akashika tumbo. "Bando, mama! Bando! La intaneti, ili baba yake amwone mtoto kwenye simu. Tangu juzi ananitafuta hanipati; umeme ulikatika, simu ikazima mpaka usiku wa jana."

Mama Pasi akakaa kitini taratibu. "Kwa hiyo nimejitwisha mzigo bure."

Binti alichomoa nepi moja, akaiweka shavuni. Kicheko kikageuka, machozi yakamtoka. "Sikutaka kukusumbua na kazi zako," alisema. "Lakini tangu mume wangu aondoke sijalala saa mbili mfululizo. Na nepi zenyewe zimebaki mbili, nyingine zote mbichi kwenye kamba."

"Nipe mtoto. Nenda kaoge."

Mtoto alipotulia, Mama Pasi alimbeba hadi duka la jirani.

"Naomba bando," alisema, akilitamka kwa uangalifu.

"La siku, la wiki au la mwezi?" aliuliza muuzaji.

Alikuwa amepanga kukaa siku tatu. Akamtazama mjukuu wake, aliyekuwa amelala mdomo wazi, mkono mmoja umeng'ang'ania kola ya bibi yake.

"La mwezi."

Mchana ule mkwe wake alionekana kwenye simu, akiwa ameegesha lori mahali penye vumbi. Aliita "mwanangu, mwanangu" mpaka sauti ikamkauka, kisha akauliza kwa nini mama mtoto haonekani.

"Amelala," Mama Pasi alinong'ona. "Na wewe punguza sauti, utamwamsha."

Baba mtoto akafunga mdomo, akabaki anatabasamu tu. Mama Pasi akamshikia simu karibu na uso wa mtoto, akamwachia aangalie mpaka aridhike.