Saluni Isiyopokea Watoto

Tangu msusi abandike mlangoni kwamba watoto hawaingii, mtaa mzima ulipata la kutafuna. Waliompinga walisema ana roho mbaya. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, walisema, wakisahau kwamba mwenyewe amezaa watano. Waliomuunga mkono ndio waliojaa vitini mwake wakisinzia huku anawasuka, na wengi wao walikuwa wamewatupia mama wakwe zao watoto wao wachanga.

 Msusi mwenyewe hakuwa na chuki na mtoto wa mtu. Alilea wadogo zake, akalea wanawe, na sasa nyumbani alikuwa na wajukuu watatu aliosukumiwa mmoja baada ya mwingine. Saluni ilikuwa mahali pekee ambapo hakuna aliyemvuta sketi. Alichoka tu, na kuchoka si dhambi, hata watu waseme nini.

Siku moja alikuwa amefika nusu ya kichwa cha fundi cherehani, mtetezi mkubwa wa ile sheria, binti wa mwisho wa msusi aliposimama mlangoni na mtoto mgongoni.

"Shikamoo, mama. Nimepata kazi, naanza leo. Nikuachie huyu, kidogo tu."

"Marahaba. Mlango umeusoma?"

"Nimeusoma. Lakini si mjukuu wako huyu?"

Msusi akawageukia wateja. Alitumaini angalau mmoja angemtetea.

"Mchukue, dada," fundi cherehani akasema. "Damu nzito kuliko maji."

"Sheria ni ya watoto wa watu," mwingine akadakia.

"Nikimpokea huyu, hapa pamekwisha," msusi akasema polepole. "Na mimi nimechoka. Nawaambia kweli, nimechoka."

Wakacheka. Bibi gani huyo, wakauliza, anayechoka na mjukuu? Ilikuwa kumpigia mbuzi gitaa.

Binti alishafungua mbeleko, jicho likiwa barabarani. Msusi akanyoosha mikono, angefanyaje. Mtoto akatulia begani mwake, naye machozi yakamtoka, asiweze kuyazuia. Wateja wakaguswa sana. Mmoja akasema hakuna kitu kama moyo wa mama.

"Sasa hapo umefanya la maana," fundi cherehani akasema, akijiweka sawa kitini ili amaliziwe. "Mimi nikija kufumua, nitakuja na wangu."