Mlango wa Athmani

Mwaka ule serikali ilipoleta walimu kisiwani Chovai kufundisha watu kuandika Kisomali, mlango wa nyumba ya Fumo Mahmudi ulianza kumfungukia Mwanalima peke yake. Alirudi kisimani na ndoo kichwani, mlango ukajivuta ndani, akapita. Kulthumu, binti ya Fumo, aliyekuwa nyuma yake, alifungiwa usoni.

"Umevimba kwa unyevu," alisema Barke, mama yake, akamwambia apite dirishani.

Akawa anapita dirishani. Gauni lilimchanika, na hilo angelivumilia. Kilichomuuma ni Mwanalima mwenyewe, yatima waliyemlea, anayelala jikoni na kuvaa nguo alizozichoka Kulthumu. Hakuringa hata kidogo. Alipita tu, kama mtu anayeingia kwao.

Kulthumu akaanza kumchunguza. Alipekua bweta lake, akanusa mafuta yake ya nywele, akamchungulia akioga aone kama amevaa hirizi. Hakupata kitu.

Ijumaa moja, baada ya sala, alikuwa amejibanza nyuma ya birika la mawe la kuwekea maji akimvizia. Aliyetangulia kuja ni baba yake. Fumo alitazama huku na huku, akausukuma mlango kwa bega, kisha akaegemeza paji la uso kwenye mbao.

"Athmani, kaka yangu, nifungulie."

Athmani alikuwa baba yake Mwanalima. Ilisemekana alizama baharini karibu na kisiwa cha Fuma.

"Nyumba niliijenga mimi," mlango ulijibu, kwa sauti ya mwanamume aliyechoka. "Binti yangu ndiye mchu, ndiye mwenye nyumba hii, nawe wamlaza jikoni."

"Mtumbwi ulikuwa unajaa maji. Usingetubeba sote."

"Nilikuwa nimeshika ukingo, Fumo. Ukanipiga kafi vidoleni."

Fumo alijipangusa uso, akaenda kuketi barazani kumngoja Mwanalima, maana njaa ilikuwa inamuuma.

Kulthumu alibaki amechutama. Alimwonea baba yake haya, lakini haya ile haikukaa. Wivu uliisukuma kando. Baba yake Mwanalima alikuwa maiti chini ya maji na bado alimfungulia mwanawe mlango. Wa kwake alikuwa hai, na hakuwahi hata kumuuliza kwa nini anapita dirishani.

Mwanalima akatokea na kapu la samaki.

"Nimemsikia ami toka njiani. Alikuwa akisema na nani?"

Kulthumu alimtazama shingo, mikono, gauni la maua lililokuwa lake.

"Na mlango," alisema. "Wataka mafuta kwenye bawaba."

"Nitaupaka kesho."

Mlango ukafunguka. Mwanalima aliuzuia kwa kisigino hadi ami yake, Barke aliyekuwa akirudi kutoka kwa jirani, na Kulthumu wakapita wote, kisha akaenda jikoni kupaa samaki.