Kidoti Hakutaka Ndoto

Nikutegee, nawe usikimbilie kujibu: kamba yangu imekatika, bado inanivuta. Fikiri kwanza, mimi nakunja haya magoti nikae. Leo yananiuma tangu asubuhi.

Niliwatega hivyo hivyo watoto wangu watano wa Jumamosi. Mwalimu wao ana wanafunzi tisini, hawezi kumsikiliza mmoja mmoja, basi wanaokwama kuandika hadithi ananiletea mimi. Niliishia darasa la saba, lakini mdomo ninao. Wanakaa mkekani, daftari mapajani, mimi na ungo wangu wa mchele nikichambua mawe.

"Mkia wa mjusi, Bibi," akasema yule tunayemwita Redio, maana hazimwi.

"Mkia unamvuta nani? Ni hadithi isiyomaliziwa. Haya, soma yako."

Akasoma. Simba alimkimbiza, akakwea mti, tawi likavunjika, simba akapanua kinywa. "Ghafla nikashtuka. Kumbe ilikuwa ndoto."

Wa pili, basi lilitumbukia mtoni: kumbe ndoto. Wa tatu na wa nne, ndoto vilevile. Nilichoka mpaka kope.

"Hivi ninyi mnalala saa zote hizo? Simba keshapanua kinywa, mnaniamshia mtu. Kuanzia leo hakuna kuamka. Uliyemtia kwenye shida, mtoe au aliwe."

"Niliwe mimi, Bibi?"

"Kwani hadithi ya nani?"

Ikabaki zamu ya Kidoti, mjukuu wangu wa damu, miaka kumi. Analala kitandani kwangu mwaka wa nne sasa, tangu mama yake, binti yangu, aende kufanya kazi za ndani nchi ya mbali. Daftari lake lilikuwa limerudi na wino mwekundu wa mwalimu: Malizia, nitaisoma Jumatatu mbele ya darasa.

Akasoma kwa sauti ndogo. "Mama alifunga begi. Akaanza kunisuka. Gari likapiga honi, akaacha upande mmoja. Akasema, nitarudi."

Akafunga daftari.

"Weka alirudi na zawadi," Redio akamshauri.

"Sijui kama alirudi." Kidoti akanigeukia. "Bibi, mama anarudi lini?"

Swali hilo ananiuliza tangu hajang'oa meno ya mbele. Siku zote namjibu kwa kitendawili, au namtuma kitu jikoni. Na jibu ninalo, limekunjwa kabatini chini ya nguo zangu: barua ya binti yangu. Ameolewa huko, amezaa, na mumewe hajui kama kuna Kidoti. Mwambie taratibu, mama, aliandika. Mwaka wa pili huu, na hiyo taratibu yangu haijafika.

"Kanitazamie kama chumvi ipo," nikasema.

"Ipo, Bibi. Nimeiona asubuhi." Hakuinuka. "Umesema hakuna kuamka."

Hata Redio akazima. Niliusikia mgongo wangu wote, mfupa kwa mfupa, kama niliyebeba maji kutwa nzima. Nikawaambia wale wanne waende nyumbani. Wakatafuta viatu vyao mlangoni, wakavaa, wakaondoka bila kelele. Kidoti akafungua daftari, akashika kalamu, akaningoja.

Nikauweka ungo chini.

"Harudi, mama," nikamwambia. "Ameolewa huko. Na una mdogo wako."