Njia Aliyoitoa Bibi Viti

Katika jiji lote hakuna aliyezijua njia za mabasi kumshinda Bibi Viti. Njia zote thelathini na sita, kituo kwa kituo, kwenda na kurudi, macho yamefungwa. Mwenyewe ndiye aliyekuwa akijisifu hivyo, na mwenyewe ndiye aliyeongeza, kabla hujapata nafasi ya kumpigia makofi, kwamba siku ya kumzika wifi yake alipanda basi lenyewe lakini upande wa kurudi, akashukia kwenye harusi ya watu asiowajua, akala, akacheza, akarudi nyumbani na kipande cha keki mkobani.

"Lakini sikupotea," alisema. "Nilijua nipo kituo gani. Ni maiti tu aliyekuwa kituo kingine."

Jina la Bibi Viti alilipata kazini. Miaka thelathini na moja alishona vifuniko vya viti vya mabasi katika karakana ya shirika, kwa cherehani yenye sindano nene kama msumari, na alipostaafu akajikuta hawezi kupishana na basi bila kuchungulia viti vyake. Kwa hiyo kila Jumamosi mchana alikutana na wenzake wenye ugonjwa huohuo, kwenye chumba cha nyuma cha duka la kunyolea nywele, wakabanana kwenye kiti halisi cha basi kilichookolewa kwenye vyuma chakavu. Walikuwa wanne: Kinyozi, mwenye duka, aliyeweza kukutajia basi kwa kusikia honi tu, Muuguzi, mama wa makamo aliyetunza daftari, Mwalimu, mstaafu wa jiografia, kalamu sikioni na dharau puani, na Bibi Viti.

Mchezo wao ulikuwa vitendawili vya njia. Mtegaji hupaza sauti, "Mlango unafungwa!" Wenzake hujibu, "Subiri, tupo!" Kisha humchagua mmoja wao na kumtegea.

"Kushoto makaburi, kulia kiwanda cha vitanda, na abiria wangu wote wanatazama vitanda."

"Kumi na Tisa!"

"Asubuhi napeleka mahakamani watu kumi, jioni narudisha saba, na wote saba wanajidai malaika."

"Hiyo Ishirini na Saba," alijibu Kinyozi. "Shemeji yangu alikuwa mmoja wa wale watatu."

Kila mmoja alianza na njia tisa. Ukishindwa, mtegaji anakudai, "Nipe njia," nawe unatoa moja, naye ana ruhusa ya kuikataa mpaka umpe inayomfurahisha. Na njia uliyoitoa huikanyagi mpaka Jumamosi inayofuata, hata ikinyesha mvua ya mawe, hata kama ndiyo pekee inayofika mlangoni kwako. Muuguzi aliwahi kutembea kwa miguu wiki nzima kwenda wodini, na viatu vyake vikafa kabla ya wagonjwa. Atakayebainika kupanda njia aliyoitoa anafutwa daftarini, na njia zake zote zinagawiwa wenzake.

Mwezi huo mchezo ulikuwa na meno. Shirika lilikuwa linafungua Njia ya Thelathini na Saba, Jumapili asubuhi, na kundi lao lilipewa nafasi moja tu: kiti cha mbele kabisa, nyuma ya dereva, safari ya kwanza. Walikubaliana kiende kwa atakayekuwa na njia nyingi baada ya Jumamosi mbili, mkesha wa uzinduzi. Bibi Viti alikitaka kiti kile kuliko wote. Mabasi mapya mangapi yalizinduliwa enzi zake? Na kila mara waliokaa mbele walikuwa wakubwa wa shirika, wakiachia hewa juu ya mishono yake, naye kabaki karakana anaokota nyuzi.

Jumamosi ya kwanza Mwalimu alimnasa.

"Nina vituo ishirini na viwili. Ishirini na kimoja vina paa, na abiria wangu wote wanangojea kile kisicho na paa."

Bibi alisema Nne. Ikawa Thelathini na Mbili, ile ya soko la mitumba.

"Nipe njia," alisema Mwalimu.

"Chukua Thelathini, inayokwenda dampo. Itakufaa."

"Siitaki."

"Chukua Tano."

"Tano mbovu. Nipe Kumi na Moja."

Akampa. Kumi na Moja hakuwa na shughuli nayo, ilizunguka tu mtaa wa benki na kurudi. Akamdharau Mwalimu moyoni kwa kuchagua vibaya.

Jumanne ndipo habari ikafika. Kodiani linastaafu! Kodiani lilikuwa basi refu kuliko yote jijini, lenye tumbo la mpira wenye mikunjo katikati, likikata kona linajikunja kama kodiani ya mpiga muziki. Lilibaki hilo moja tu. Na shirika limeamua limalizie siku zake, mpaka Ijumaa, kwenye Njia ya Kumi na Moja.

Bibi Viti aliketi kitandani, akasema tusi ambalo mjukuu wake, aliyekuwa anapiga pasi chumba cha pili, alidhani limetoka redioni. Viti vyote hamsini na sita vya Kodiani alivishona yeye. Kiti cha mwisho kabisa alikishona kwa uzi mwekundu badala ya wa kijivu, siku aliyogombana na msimamizi, na hakuna mkubwa hata mmoja aliyewahi kugundua.

Jumatano saa nne asubuhi alivaa miwani ya jua ya mjukuu wake, akajitanda kanga mbili, akanywea kwenye kiti cha mwisho cha Kodiani, kando ya abiria mnene aliyewahi dirisha, kama mke wa mtu kwenye gari la mwanaume mwingine. Uzi mwekundu ulikuwepo. Aliupapasa njia nzima.

Kwenye mzunguko wa tangi la maji mambo yakaharibika kwa namna ya kupendeza. Lori lilikuwa limemwaga magodoro kwenye barabara ya kutokea. Nyuma kuna foleni, Kodiani halirudi nyuma kirahisi, na dereva hakutaka kusimama katikati ya mzunguko na kuziba jiji zima. Basi akaendelea kuzunguka. Wakazunguka mpaka mkia ukataka kukipita kichwa. Abiria wakaanza kwa kulaani, wakamaliza kwa kupiga makofi. Bibi Viti alipiga makofi kuliko wote, miwani ikamtoka.

Jumamosi, kabla ya kuanza, Muuguzi alifungua daftari na kuwauliza mmoja mmoja, kama kawaida.

"Bibi, Kumi na Moja hukuipanda?"

"Mwanangu, tangu Jumatatu niko kitandani. Goti limevimba kama tikiti maji. Leo nimekuja kwa kuwaheshimu tu."

"Goti silioni, naona gauni," alisema Kinyozi.

"Basi liamini gauni."

Jibu likaandikwa. Na siku hiyo Bibi Viti alikuwa moto. Alimnyang'anya Kinyozi njia mbili, Muuguzi moja, na Mwalimu akalazimika kurudisha moja kwa kitendawili cha basi linalopita nyumba tatu za mtu mmoja na wake zake watatu, hakuna anayemjua mwenzake isipokuwa kondakta. Muuguzi akasoma daftari: Bibi njia kumi na mbili, Mwalimu tisa, wengine wafuate kwa miguu. Kilibaki kitendawili kimoja, na zamu ilikuwa ya Mwalimu. Hata Bibi akishindwa atatoa njia moja tu, na kiti cha mbele bado chake. Tayari alikuwa anawaza avae viatu gani.

Mwalimu akashusha kalamu kutoka sikioni.

"Mlango unafungwa!"

"Subiri, tupo!"

"Hiki cha Bibi. Majuzi nililewa bila kunywa. Nikazunguka na nyumba yangu mgongoni, kwa sababu vitanda vya watu vimenilalia njiani."

Bibi Viti alilijua jibu kabla Mwalimu hajafunga mdomo. Lilimpanda kooni, akalimeza. Hakuwa mtoto. Aliinua macho darini, akajikuna kidevu, akahesabu vidole, akataja Kumi na Tisa kwa sababu ya kiwanda cha vitanda, akakataliwa, akashusha pumzi ya mtu aliyeonewa.

"Nimeshindwa, Mwalimu. Chukua Thelathini, nenda dampo salama."

"Naipokea." Mwalimu hakubisha hata kidogo, jambo ambalo lingetosha kumshtua mtu mwenye akili zilizotulia. "Jibu ni Kumi na Moja. Jumatano, saa nne na nusu, mzunguko wa tangi la maji. Lori limemwaga magodoro, na Kodiani halina pa kutokea. Dereva alinisimulia mwenyewe. Likazunguka mara mbili, kisha njia ikafunguka, likatoka."

Bibi Viti akakaza meno. Akaitazama mashine ya kunyolea. Akaitazama picha ya kalenda.

"Mara mbili," Mwalimu akarudia, akimgeukia Muuguzi. "Andika, iwe kumbukumbu ya kundi. Kodiani, mzunguko mara mbili, siku ya..."

"Nne!" Bibi Viti aliruka, goti la tikiti maji likamwinua kama springi. "Mara nne, mzee wewe! Unafundishaje watoto wa watu? Ya tatu ndipo kondakta aliposhuka kwenda kubeba magodoro, ya nne wakamdaka mlangoni linatembea!"

Mwalimu akairudisha kalamu sikioni taratibu, kama mtu anayeegesha gari.

"Bibi," alisema Muuguzi, "umejuaje?"

"Nimesimuliwa."

"Na nani?"

"Na jirani."

"Jirani yupi huyo?" aliuliza Mwalimu, kwa adabu kubwa.

"Yule mnene," alisema Bibi Viti. "Aliyekaa dirishani."