Mgongo wa Baba Chini ya Gari la Shemeji

Shemeji yangu ni kinyozi, na haya zake mbele ya wakwe hazina dawa. Chai huiacha ipoe kabisa, asije akapiga funda likasikika. Sasa fikiria mtu wa namna hiyo siku anayoingia uani kwa wakwe na gari lake mwenyewe, lililotoka Japani likiwa limetumika, bati linang'aa, mkewe, mdogo wangu, kakaa mbele na tumbo lake kama malkia.

Nyumba ilijaa. Jirani mshonaji alikimbia na tepu shingoni, akaacha mteja kasimama na suruali ya mguu mmoja. Tulikuwa tunasikia habari za gari hilo tangu kabla ya mvua. Wao wanaishi mbali, na siku hiyo walipita tu kula chakula cha mchana. Baada ya hapo walikuwa wateremke milima mpaka hospitali kubwa, ambako mdogo wangu aliambiwa akae karibu na madaktari, maana mtoto alikuwa amelala vibaya tumboni.

"Hapandi mtu kabla sijaliona tumbo," alisema Baba.

"Tumbo la nani tena?" mshonaji akadakia.

"La gari, mama wee! Hilo lingine lina mwenyewe."

Baba ameendesha malori maisha yake yote. Gari kwake ni kama mbuzi wa kununua: haulizwi rangi, hugeuzwa.

Shemeji akachangamka. Kwa mara ya kwanza alikuwa na la kumwambia mkwe wake. "Chini usiwe na wasiwasi, baba. Niliambiwa kule kwao barabara humwagiwa chumvi kuyeyusha theluji, na chumvi hiyo hula chuma. Basi nililala chini mwenyewe, nikalipaka lami gari zima. Sikuacha hata tundu."

Baba alikuwa anavua saa. Mkono ukasimama. "Hata tundu?"

"Hata moja, baba. Yale ya chini ya milango nimeyashindilia kabisa, vumbi lisiingie."

Baba akaivua saa, akaitia mfukoni. Aliagiza gari lirudishwe nyuma, magurudumu ya nyuma yapande juu ya mbao nene zilizobaki tulipojenga banda la kuku, kisha akaweka mawe mbele na nyuma ya kila gurudumu. Akachukua bisibisi, akatandika gunia, akaingia.

Tukawa tunasikia mlio tu. Ngeng! Ngeng! Anagonga kwa mpini, anasogea. Ngeng! Halafu, bup. Akarudia palepale: bup.

"Mbona hapo kama anagonga papai?" mshonaji akauliza, akapigwa kiwiko na Mama.

Ndipo Baba alipopiga yowe. "Mgongo! Jamani, mgongo umekamata!"

Patashika. Mama anataka kumvuta miguu, mdogo wangu anataka kuinama na tumbo lile. "Asiniguse mtu!" Baba akafoka kutoka chini. "Aje mkwe wangu peke yake. Wengine ondokeni, mnanimalizia hewa!"

Shemeji akajitupa chini na shati lake jeupe. Mimi sikuumbwa kupitwa na jambo, nikachuchumaa upande wa pili nikijifanya natafuta kandambili.

Baba alikuwa amelala raha mustarehe, mkono kauweka kichwani.

"Baba, inauma wapi?"

"Haiumi popote. Nyamaza, utazame." Akaweka ncha ya bisibisi chini ya mlango wa nyuma, kwenye lami nzuri nyeusi, akasukuma kwa kidole. Ikazama mpaka mpini. Alipoichomoa, maji ya rangi ya chai yakatiririka, na vipande vya kutu kama majani makavu.

"Yale matundu ni ya kupumulia, mwanangu. Maji huingia kwa juu milangoni, hutokea hapo. Umeyafungia ndani, pamoja na chumvi iliyokuja nayo. Lami haiponyi kutu, inaifunika blanketi." Akasogeza bisibisi pale mkono wa gurudumu la nyuma unapojishika na bodi. Akasukuma. Ikazama. "Hapa sasa ndipo tatizo. Kwenye ile miteremko, pakikatika…"

Shemeji alifumba macho.

"Sikutaka kukusema mbele ya watu," Baba akanong'ona. "Kaa na siri yako. Mimi mgongo umekamata, safari ya gari hili haipo, tutawatafutia usafiri. Ukirudi tunaikwangua lami yote, chuma kibovu tunakata, tunachomea kipya, tunakausha, tunapaka rangi ya kuzuia kutu, na matundu tunayaacha wazi. Unaosha kwa maji safi, unachungulia kila baada ya mvua. Hakuna atakayejua."

Nikawahi kusimama. Shemeji akatoka, shati limekuwa ramani, Baba akabaki kulekule chini. Mama alikwisha kuanza: "Mzee huyu! Nani alimtuma kutambaa kama kenge? Sasa mtoto atachelewa hospitali kwa ajili ya mgongo wake!"

Ilikuwa rahisi kunyamaza. Nilimwona Shemeji akijifuta lami mkononi, isitoke.

"Mama, baba haumwi mgongo. Gari limeoza chini, na aliyeliozesha ni mimi. Niliziba matundu. Nilikuwa nimpeleke mke wangu nalo hivyohivyo."

Loo! Hata mshonaji akaivua tepu shingoni, akaanza kuikunja. Mdogo wangu akamtazama mumewe, akaushika ule mkono wenye lami. "Ungenyamaza ndiyo ningekasirika," akasema. "Haya, shusha begi." Baba naye akatambaa akatoka mwenyewe.

Mshonaji akapata pa kusaidia, akampigia simu mpwa wake mwenye teksi. Ilipofika, mdogo wangu alikuwa anataka kuingia, Shemeji akamzuia kwa kiganja. Akamgeukia Baba. "Naomba bisibisi, baba."

Akalala mchangani, akaanza kugonga. Ngeng. Ngeng.

"We kaka vipi?" dereva akaruka. "Gari si lako hili!"

"Mke ni wangu," Shemeji akajibu kutoka chini, akasogea mbele kidogo, akagonga tena. Baba, mgongo mzima, akachuchumaa pembeni kumsaidia kusikiliza.