Farasi wa Mpiga Tarumbeta

Jirani yetu mshona nguo anadai kwamba Jumamosi ile alasiri alikuwa anapiga pasi dirishani kwake, akamsikia mjomba akisema kwa sauti ya majonzi, "Wamekwisha wote, na farasi wao." Anadai aliiacha pasi juu ya suruali ya mteja, akajifunga kitambaa kichwani, akaja mbio kutupa pole. Suruali iliungua kweli, niliiona. Hayo ya majonzi katia chumvi. Mjomba alisema kwa sauti yake ya kawaida, na waliokwisha walikuwa askari wa bati, kila mmoja na farasi wake hazidi kidole gumba changu.

Mjomba alikuwa fundi saa mpaka alipostaafu. Nakaa naye tangu nimalize shule ya msingi. Kila Jumamosi wanakuja wenzake wawili, mwalimu mstaafu wa historia na daktari wa meno. Wanatandika kitambaa cha kijani mezani, wanapanga vilima vya maboksi ya viatu, wanapigana vita vya Napoleon kwa dadu na futi ya kupimia. Mimi kazi yangu ilikuwa chai na viti. Nikishamaliza nakaa pembeni natazama. Hakuna aliyenifundisha, lakini nilishajua farasi anakwenda inchi ngapi na anachoka saa ngapi.

Wana sheria moja wasiyoichezea: kila mtu apigane na askari aliowapaka rangi mwenyewe. Sasa mikono ya mjomba ilianza kutetemeka mwaka juzi. Mikono iliyokuwa ikishika skrubu ndogo kama mbegu ya ufuta ikashindwa kupaka kifungo cha koti. Siku moja akaniambia, bila kunitazama, "Mama, wewe mkono wako umetulia. Hebu nipakie huyu." Huyu akawa wawili, wawili wakawa kikosi kizima, farasi ishirini na wanne. Hatukuambiana kwamba ni siri. Nilijua tu kwamba wenzake wakigundua, hana tena nafasi pale mezani, na Jumamosi ndiyo siku pekee anayoamka anaimba.

Kosa lilikuwa langu. Farasi wote niliwapaka kahawia, tena kwa maringo: kwanza rangi nyeusi, juu yake kahawia, halafu brashi ikikaribia kukauka naipitisha juujuu mpaka misuli ionekane. Sikujua kwamba mpiga tarumbeta hupewa farasi mweupe, ili kamanda amwone upesi kwenye moshi. Mjomba alijua, ila macho yake nayo hayaoni vizuri vitu vya karibu. Akawapanga mezani bila kuwakagua.

Daktari wa meno yeye hukagua. Ndiyo kazi yake, kutafuta matundu. Akamwinua mmoja kwa vidole viwili.

"Mzee, huyu mpiga tarumbeta wako kaazima farasi wa nani?"

Mjomba akampokea, akamsogeza karibu na jicho, akampeleka mbali.

"Si wewe uliyenifanya nipake upya wangu kwa kosa hilihili?" daktari akasema. "Ukaninunia mwezi mzima."

Mwalimu akaacha kukoroga chai. Kwenye mkono wa mjomba yule farasi alikuwa anacheza kama anakimbia.

"Sijampaka mimi," mjomba akasema. "Kampaka mpwa wangu. Wote kawapaka yeye. Mimi mikono imenitupa."

"Tangu lini?"

"Mwaka juzi."

Daktari akanigeukia. "Kwa hiyo vifungo vyote nilivyovionea wivu ni vya huyu anayetuletea chai."

Mwalimu amesahihisha madaftari miaka thelathini, hajaacha. "Sheria ni sheria," akasema. "Aliyewapaka ndiye awaongoze. Binti, vuta kiti."

"Na mimi je?" mjomba akauliza.

"Wewe tuletee chai."

Wakacheka, na mjomba akacheka. Lakini nilimwona alivyosimama kando ya birika, hajui mikono aiweke wapi.

Nikakaa. Niliwapitisha farasi kushoto, nyuma ya kilima, nikakivunja kikosi cha Mwalimu cha askari wa miguu kabla hajageuza hata mstari mmoja. Hapo raha ikanipanda kichwani. Badala ya kuwasimamisha wapumue, nikawaachia waendelee, moja kwa moja mbele ya mizinga ya daktari. Dadu zikaanguka. Mjomba, nyuma ya kiti changu, ndipo aliposema yale aliyoyasikia mshona nguo.

"Pole, mwenzangu," daktari akaniambia. Nikafurahi kuliko kama ningeshinda.

Mara mlango ukagongwa, mshona nguo huyo, anahema, anauliza maiti ziko wapi. Daktari akamfungulia boksi la askari waliokufa.

Jumapili asubuhi nilikaa kwenye meza ya zamani ya mjomba ya kutengenezea saa, karibu na dirisha, kioo cha kukuzia kikiwa jichoni. Farasi wa mpiga tarumbeta nilishamkwangua rangi. Mjomba akaja na kigoda, akakaa.

"Kile kikosi cha Mwalimu ulikivunja vizuri."

"Halafu nikawamaliza wangu."

"Mimi wangu wa kwanza niliwamaliza kabla chai haijapoa." Akasogeza kigoda karibu. "Mama, sheria inasema kila mtu apigane na aliowapaka mwenyewe, siyo?"

"Ndiyo, mjomba."

"Haisemi wangapi."

Nikageuka. Alikuwa ameshanyoosha mkono, kiganja juu, vidole vikitikisika.

"Huyo mweupe naomba nimpake mimi. Mmoja tu."

Brashi nilikuwa nayo mkononi, nimeshaichovya, na rangi ilikuwa inajikusanya nchani. Nikamwekea kiganjani.