Majina Yakawa Nyuso

Habari hii alinipa Veneranda wa Nyololo mwenyewe, mwaka huu mwezi wa sita, tumekaa jikoni kwangu tunapukuchua mahindi.

Marehemu mama yake alipigwa picha mara moja tu maishani. Picha yenyewe mchwa waliila ndani ya sanduku, wakabakiza kipande cha bega. Na Jumamosi fundi alikuwa anakuja kujengea kaburi, na msalabani kulitakiwa kuwe na sura ya mama. Ndipo Veneranda akakumbuka kwamba miaka miwili nyuma aliipeleka picha ile Iringa mjini, kwenye steshenari ya Zuena, ikaingizwa kwenye kompyuta. Kuichapa akasema atarudi. Hakurudi.

Basi Jumamosi hiyo hiyo akaondoka alfajiri, saa tatu yuko dukani.

"Shikamoo, mama," akasema Zuena. Huyu baba yake alitoka Kilwa, na Kiswahili chake kimenyooka.

"Marahaba, mwanangu. Nimefuata picha ya mama. Iliingia humo kwenye mashine yako."

"Jina la marehemu?"

"Lozalia."

"Rozalia," akasema Zuena huku anaandika.

Akafungua folda ya picha za wateja. Kwenye kioo yakaja majina matupu, yamejipanga kwa alfabeti kama daftari la mahudhurio. Zuena akashuka nayo mpaka kwenye R. Rahma yupo, Ramadhani yupo, Regina wako wanne. Rozalia hayupo. Akajaribu Rosalia, kwa S. Akajaribu Roza. Hakuna kitu.

"Mama, nisikufiche," akasema. "Tulihamisha vitu kutoka kompyuta ya zamani. Huenda ilifutika."

Lakini Veneranda si mtu wa kunyanyuka haraka. Akakaa palepale, anatazama kioo.

"Picha zenyewe ziko wapi?"

"Ndizo hizo, mama. Hayo ni majina yake."

"Sasa mimi darasa la tatu sikumaliza, nitamjuaje mama kwa maandishi? Nifunulie niwaone watu."

Zuena akacheka kidogo. Miaka yote alikuwa ameiacha folda ile ionyeshe majina, maana orodha ni nyepesi na yeye anajua alichoandika. Akabonyeza kitufe cha kulia cha mausi, ikashuka menyu, akachagua picha kubwa. Majina yakajisogeza chini, na juu yake zikaanza kufunguka nyuso, moja moja, kama watu wanavyotoka ibadani.

"Polepole, mwanangu. Huyo simjui. Huyo padri. Huyo miwani kaazima, inamshuka."

"Mama, usinichekeshe, nitaruka mtu."

Wakaenda hivyo, mstari kwa mstari. Wateja wawili wakaja, Zuena akawaomba wasubiri. Chai aliyoletewa Veneranda ikapoa.

"Simama. Rudi juu. Huyo hapo."

Mwanamke amefunga kitambaa upande, jicho moja limesinyaa kwa jua. Chini yake pameandikwa: Lozalia.

Zuena akaisoma mara mbili. Akachukua simu akampigia Lutengano, aliyekuwa akimfanyia kazi zamani na sasa ana duka lake Mbeya.

"Lutengano, wewe ndiye uliyeandika Lozalia kwa L?"

"Ndiyo, dada. Nilimuuliza mama jina, akanitajia."

"Na hukuona kasoro?"

"Kasoro gani? Hata bibi yangu anaitwa Lozalia."

Zuena akakata simu. Veneranda akamtazama.

"Mimi nilikwambia tangu nilipoingia."

"Uliniambia, mama. Mimi nikakusahihisha. Sasa niibadilishe herufi?"

"Iache. Ndivyo tulivyomwita."

Zuena akaichapa, akaipitisha kwenye nailoni ngumu. Kabla ya kuhudumia wale wateja, akaipanga kompyuta folda zote za picha ziwe zinafunguka kwa nyuso.

Veneranda alifika Nyololo jua bado liko juu kidogo. Fundi alikuwa akipima kaburi kwa kamba. Akaipokea ile picha kwa mikono miwili, akaiweka pale itakapokaa, akarudi nyuma hatua tatu kuitazama.

"Anatuona," akasema, akakunja kamba yake akaenda kwake.

Veneranda akanywa uji, akajinyoosha mkekani bila hata kuvua kitenge cha safari. Kuku walikuwa hawajaingia bandani, yeye kashalala.